Nimekipakua kitabu, mbona Kindle haikioni?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Arua. Shemeji yangu alipokuja kutoka Nairobi alinipa Kindle yake ya zamani (kisomaji cha vitabu cha kampuni ya Amazon), ile ya waya wa micro-USB. Nimepakua vitabu kadhaa kwenye laptopu yangu. Siku nyingine nikichomeka waya kompyuta inaiona Kindle, siku nyingine haiioni kabisa. Nikifaulu kuvinakili, vitabu vingi havitokei kwenye skrini. Kimoja kinatokea lakini hakifunguki. Kingine nilikiazima katika maktaba ya mtandaoni, kikaja na jina linaloishia na .acsm, na hicho hata kompyuta haijui ikifanye nini. Kila mara nafuta na kupakua upya, bando linaisha, na hali ni ileile. Kuna mtu kaniambia Kindle hii imekufa. Je, ni kweli?

JIBU: Hapana, Mwalimu, haijafa. Ingekuwa imekufa kompyuta isingeiona hata siku moja. Ninachokisoma katika barua yako ni matatizo manne yasiyohusiana ambayo yamekukuta kwa pamoja, na ndiyo maana ukishughulikia moja lingine linakuzuia palepale. Lipo la waya, lipo la aina ya faili, lipo la faili lililofika nusu, na lipo la kitabu chenye kufuli la hakimiliki. Kati ya hayo manne ni moja tu linalotibika kwa kupakua upya. Kwa hiyo usinunue bando lingine leo. Data Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, na sioni sababu ya kulipia ushuru huo kwa kitabu ambacho tayari unacho kizima kwenye laptopu.

Tuanze na waya. Ichomeke Kindle kwenye kompyuta, kisha utazame skrini ya Kindle, usitazame ya kompyuta. Ikitokea taarifa kubwa yenye maneno "USB Drive Mode", njia ya data iko wazi na kama kuna kosa liko upande wa kompyuta. Ikitokea alama ya radi tu juu ya picha ya betri, na wewe unaendelea kufungua menyu za Kindle kama kawaida, basi kinachopita kwenye waya huo ni umeme peke yake. Waya wa USB wa kawaida una nyaya nne ndani yake: mbili za umeme na mbili za data. Nyaya nyingi za bei ya chini zinazouzwa barabarani na kwenye vibanda vya chaja zina zile mbili za umeme tu. Waya wa namna hiyo huchaji simu usiku kucha bila shida, kwa hiyo hakuna anayeushuku.

Kuujaribu ni rahisi. Tafuta simu yenye tundu la micro-USB, iunganishe na kompyuta kwa waya huohuo, uone kama simu inakuuliza unataka kuhamisha mafaili na kama picha zako zinaonekana kwenye kompyuta. Zikionekana, waya ni mzima. Zisipoonekana, utumie kuchajia tu, na ukienda dukani sema wazi kwamba unataka waya wa data, kisha umwombe muuzaji aujaribu hapohapo mbele yako kwa simu na kompyuta yake. Muuzaji mwenye waya mzuri hatakataa. Kwa kuwa kwako siku nyingine inakubali, nadhani mna nyaya zaidi ya moja, pengine mmoja nyumbani na mwingine kwenye chumba cha walimu, na wewe unachukua wowote ulio karibu. Utie alama ule mzima.

Ukishahakikisha waya ni mzima na bado kompyuta haioni kitu, pitia haya kwa haraka. Betri iliyokauka kabisa huifanya Kindle isijitambulishe kwa kompyuta, kwa hiyo ichaji ukutani saa nzima kwanza. Kama shemeji aliiwekea namba ya siri, ifungue kabla ya kutarajia lolote. Bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kwa sekunde 40 mpaka ijiwashe upya. Hamia tundu lingine la USB, na usipitie kwenye kigawanyio. Vumbi la Arua nalo lina yake: angalia tundu la Kindle kwa tochi, na ukiona uchafu umejikusanya, izime kabisa kisha uutoe taratibu kwa kijiti cha meno, usitumie sindano. Na kama kompyuta ni ya shule au ya ofisi, jaribu flashi kwenye tundu lilelile. Zipo taasisi zinazofunga USB kwa makusudi kwa hofu ya virusi. Flashi ikikataliwa pia, huna kosa la kurekebisha, muone anayesimamia kompyuta hizo.

Kindle zilizotoka kuanzia 2024 zinajitambulisha kwa kompyuta kwa njia nyingine, kama simu na siyo kama flashi, na kwenye Mac zinahitaji programu ya ziada. Yako ya micro-USB ni ya kabla ya hapo, kwa hiyo ukikutana na maelekezo ya namna hiyo yapite.

Sasa tufike kwenye kiini, kwa sababu naamini vitabu vyako vingi vimekwama hapa. Kindle haisomi EPUB, aina ya faili inayotumiwa sana kwa vitabu vya kielektroniki, ikiingizwa kwa waya. Unaweza kunakili EPUB mia moja kwenye folda yake, zote zikaingia salama, zikachukua nafasi, na hakuna hata moja itakayotokea kwenye orodha ya vitabu. Kindle haitakupa onyo lolote. Watu wengi hapa huamini kifaa ni kibovu au faili ni bovu, wakapakua tena, na EPUB ya pili inapotea kama ya kwanza.

Mkanganyiko huu una chanzo. Tangu 2022 Amazon inapokea EPUB kupitia huduma yake ya "Send to Kindle", na habari zikaenea kwamba Kindle sasa inasoma EPUB. Kinachofanyika ni kwamba seva zao huigeuza EPUB kuwa aina nyingine kabla ya kuituma kwenye kifaa chako. Kwenye waya hakuna wa kuigeuza. Kwa waya Kindle yako inapokea AZW3 na MOBI, ambazo ni aina za faili za Kindle, pamoja na PDF na maandishi ya kawaida ya TXT.

Kwa hiyo kabla ya jambo lolote jua una faili la aina gani. Windows kwa kawaida huficha zile herufi za mwisho baada ya nukta. Fungua dirisha la mafaili, nenda kwenye menyu ya "View", uwashe "File name extensions". Sasa utaona kama ni .epub, .mobi, .pdf au kitu kingine. Angalia hasa yale uliyotumiwa kwa WhatsApp, maana huko kitabu mara nyingi hupoteza jina lake na kuitwa DOC pamoja na tarakimu nyingi, na wakati mwingine herufi za mwisho hupotea kabisa. Na tafadhali, usibadilishe herufi hizo kwa mkono ukitumaini kitabu kitageuka. Faili la EPUB ukiliandika .azw3 linabaki EPUB, na Kindle itakuambia haiwezi kulifungua. Pengine hicho ndicho kilichokipata kile kimoja kinachotokea bila kufunguka, ingawa kuna sababu nyingine nitakayoieleza.

Una njia mbili za kuigeuza EPUB. Mimi napendekeza uzijue zote, kwa sababu siku ambayo mtandao unasumbua utahitaji ya waya, na siku ambayo waya umepotea utahitaji ya mtandao.

Njia ya kwanza ni Calibre. Hii ni programu ya bure iliyoanzishwa na Kovid Goyal mwaka 2006, baada ya kununua kisomaji cha Sony kilichokuwa hakikubaliani na Linux. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ni kubwa, zaidi ya MB 100, kwa hiyo ipakue mara moja mahali penye Wi-Fi ya uhakika, kisha ulihifadhi faili lake la kusakinishia kwenye flashi uwape na walimu wenzako. Matoleo mapya, kuanzia lile la 6 la mwaka 2022, yanahitaji Windows 10 au zaidi ya biti 64. Kama laptopu yako ni ya zamani, tovuti ya Calibre bado inatunza matoleo ya nyuma. Lipo pia toleo linaloendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa, nalo linafaa sana kwa kompyuta ya shule usiyo na ruhusa ya kuiwekea programu.

Ukiifungua mara ya kwanza itakuuliza unatumia kifaa gani, uchague Kindle. Buruta EPUB zako uziweke ndani. Chomeka Kindle, subiri mpaka Calibre iitambue, chagua kitabu, bonyeza amri ya kukituma kwenye kifaa. Itakuambia kwamba aina hii haikubaliki na kuuliza kama ikigeuze. Kubali. Ikikupa nafasi ya kuchagua, chukua AZW3, kwa sababu inatunza mpangilio wa kitabu, picha na yaliyomo vizuri kuliko MOBI. Kabla ya kutuma, tazama jina la kitabu na la mwandishi. Vitabu vingi vya bure vinakuja na majina yaliyoharibika, kisha mtu anakitafuta kwenye Kindle kwa jina analolijua yeye na kudai hakijafika, kumbe kiko pale kwa jina jingine.

Calibre ina uwezo mwingine ambao watu wachache wanautumia, nami nautamani kila mwalimu wa huku aujue. Inaweza kuigeuza laptopu yako kuwa seva ndogo ya vitabu. Washa hotispoti ya simu, unganisha laptopu na Kindle zote mbili hapo, kisha ndani ya Calibre uwashe seva kwenye menyu ya "Connect/share". Windows itauliza kama iruhusu, iruhusu. Menyu ileile itakuonyesha anwani ya laptopu, tarakimu zinazoanza mara nyingi na 192.168. Kwenye kivinjari cha Kindle andika anwani hiyo, nukta mbili (:), 8080, kisha mkwaju (/) na neno mobile. Orodha ya vitabu vyako itatokea, nawe utagusa unachokitaka. Kwa njia hii kigeuze kitabu kuwa MOBI kabla, maana kivinjari cha Kindle hakipakui EPUB. Uzuri wake ni kwamba kitabu kinatoka kwenye laptopu hadi Kindle bila kupita kwenye intaneti, kwa hiyo hakikuli bando. Siku waya umekataa, hii ndiyo tiba.

Njia ya pili ni "Send to Kindle" yenyewe, kwa tovuti au kwa barua pepe. Hapa kuna masharti ambayo yasipotimizwa kitabu kinapotea njiani. La kwanza, Kindle lazima iwe imesajiliwa kwa akaunti yako. Yako ilikuwa ya shemeji, na kama hamkuiondoa kwenye akaunti yake, kila unachotuma kwa akaunti yako hakitafika. Angalia kwenye mipangilio jina la aliyesajiliwa, uiondoe, uisajili upya kwa jina lako. Uganda haina duka lake la Amazon, utajisajili kwenye lile la Marekani na litakubali. La pili, kila Kindle ina anwani yake ya barua pepe inayoishia na kindle.com, na inapokea tu kutoka kwa watumaji uliowaidhinisha kwenye mipangilio ya akaunti. Anwani yako mwenyewe pia lazima uiidhinishe. La tatu, ukubwa: kwa barua pepe mwisho ni MB 50, kwa tovuti MB 200. La nne, MOBI haipokelewi tena kwa njia hii, ingawa kwa waya bado inafunguka. Yaani EPUB itume kwa mtandao, MOBI na AZW3 peleka kwa waya. Ukibadilishana njia hizo, zote zinakataa.

Kwa kuwa wewe huko unategemea hotispoti ya simu, kumbuka Kindle za umri wa hiyo yako zinaona Wi-Fi ya 2.4 GHz peke yake. Simu nyingi mpya huweka hotispoti kwenye 5 GHz bila kukuambia, na Kindle haitaona jina la mtandao wako hata ukiiweka juu ya simu. Ingia kwenye mipangilio ya hotispoti uichague 2.4.

Hapa lazima niseme neno kuhusu VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mahali pengine, maana Uganda ni nchi ambayo watu wengi wanaishi nayo ikiwa imewashwa asubuhi hadi usiku. Mazoea hayo yalianza na ushuru wa mitandao ya kijamii wa Julai 2018, shilingi 200 kwa siku, yakaongezeka Facebook ilipofungwa Januari 2021. Sikulaumu ukiitumia. Lakini kwa kazi ya vitabu izime. Ikiwa imewashwa kwenye laptopu, seva ya Calibre mara nyingi haitaonekana na Kindle hata zikiwa kwenye hotispoti moja, kwa sababu VPN inazipitisha data za laptopu kwenye njia yake na kuuziba mtandao wa ndani. Duka la vitabu litadhani uko Uholanzi au Marekani na kukataa kadi yako au kukuficha kitabu. Na upakuaji unakatika katikati kila seva ya VPN inapobadilika, na hilo linatuleta kwenye tatizo la tatu.

EPUB kwa ndani ni faili la ZIP, yaani mafaili mengi yaliyofungwa pamoja kuwa moja. Orodha ya kila kilichomo imeandikwa mwishoni kabisa mwa faili. Upakuaji ukikatika hata ukiwa umefika asilimia 95, unapoteza orodha hiyo, na kitabu chote hakifunguki, hata kurasa zilizokwisha kuingia. Habari njema ni kwamba unaweza kulijua hilo bila kutumia data. Fungua kitabu kwenye laptopu kwanza, kwa kisomeo cha ndani ya Calibre. Mimi kipimo hiki nakiweka mbele ya vyote, kwa sababu kinagawanya tatizo papo hapo. Kikifunguka kwenye laptopu, faili ni zima na kosa lilitokea kati ya laptopu na Kindle. Futa nakala iliyo kwenye Kindle, nakili tena kutoka kwenye laptopu, usipakue. Kisipofunguka kwenye laptopu, ndipo upakue upya, na hapo tu.

Kama hakijafunguka, tafuta sababu kabla ya kupakua. Jina linaloishia na .crdownload ni la Chrome, na .part ni la Firefox. Yote mawili yana maana kwamba kazi haijaisha. Mara nyingi unaweza kuendelea pale ilipoishia kwenye orodha ya vilivyopakuliwa badala ya kuanza upya. Linganisha ukubwa na ule ulioandikwa kwenye tovuti. Halafu fungua faili hilo kwa Notepad utazame mwanzo wake tu: EPUB ya kweli inaanza na herufi PK, PDF inaanza na %PDF. Ukikuta neno html hapo mwanzoni, ulichokipakua siyo kitabu bali ni ukurasa wa tovuti, kwa kawaida ule wa kukuomba uingie kwa nywila au wa kukuambia kiungo kimekwisha muda. Ukirudia kiungo hichohicho utapata ukurasa uleule, hata urudie mpaka kesho. Ingia kwanza kwenye akaunti, kisha pakua.

Riwaya ya kawaida ya EPUB isiyo na picha nyingi mara nyingi haifiki hata MB 2. Ukiona riwaya ya maneno matupu ina MB 80, hiyo ni kurasa zilizopigwa picha, na hata ukiigeuza kwa Calibre herufi hazitaongezeka ukubwa, maana kwa kompyuta zile ni picha, siyo maandishi. Vivyo hivyo na PDF za mitaala na mitihani zilizopangwa kwa karatasi ya A4. Zitaingia bila shida na zitasomeka kwa taabu kwenye skrini ndogo. Ilaze skrini kwa upana, au zisomee kwenye laptopu.

Rudi sasa kwenye kile kinachotokea bila kufunguka. Kama kwenye laptopu kinafunguka na ni cha aina sahihi, basi nina shaka na jinsi unavyochomoa waya. Kompyuta inaweza kuonyesha kwamba imemaliza kunakili ilhali bado inaandika vipande vya mwisho. Ukichomoa wakati huo, au umeme ukikatika kwenye kompyuta ya mezani, Kindle inabaki na jina la kitabu na nusu ya mwili wake. Daima bonyeza "Eject" kwenye kompyuta, subiri ikubali, ndipo uchomoe. Safari moja ya haraka inaweza kuharibu hata mpangilio wa mafaili wa Kindle nzima, na hapo Windows itakuomba kuichunguza na kuirekebisha utakapoichomeka tena. Kubali, lakini nakili kwanza vitabu vyako pembeni.

Hakikisha pia vitabu unaviweka ndani ya folda ya documents, siyo nje yake. Na kwenye Kindle yenyewe angalia kichujio cha orodha: ukiacha kimechagua vitabu peke yake, vingine vilivyoingizwa kwa waya vinaweza kuhesabiwa kuwa nyaraka na kufichwa. Chagua vyote. Ukiingiza vitabu vingi kwa mkupuo, Kindle hushinda ikiviorodhesha maneno yake, inakuwa nzito na betri inashuka. Kitabu kibovu kimoja kinaweza kuikwamisha hapo kwa siku nyingi. Kumjua mkosaji, tafuta kwenye Kindle neno lisilo na maana, kama zzqqx. Matokeo yatakuonyesha kama kuna vitabu ambavyo havijamaliza kuorodheshwa na majina yake. Futa kile ambacho hakisogei.

Kuna hatari nyingine kwa wanaotumia kompyuta za intaneti kafe. Virusi vya njia za mkato, vile vinavyozigeuza folda za flashi kuwa vialama vya mshale, huiona Kindle kama flashi nyingine. Kindle yenyewe inaendeshwa na Linux na haitaugua, lakini folda ya documents inaweza kufichwa, na wewe utaibeba takataka hiyo mpaka kwenye laptopu yako. Usibonyeze vile vialama. Kwenye kompyuta safi, fungua dirisha la amri uandike attrib -h -s E:\documents, ukiweka herufi ya Kindle yako badala ya E, na folda itarudi kuonekana. Kisha futa vialama vyote na upitishe antivairasi. Kafe nenda ukapakue na kutuma kwa mtandao, Kindle iache mfukoni.

Limebaki lile la .acsm, na hapa jibu langu halitakufurahisha. Faili hilo ni dogo, la KB chache, kwa sababu siyo kitabu. Ni kama tiketi: unaipeleka kwa programu ya Adobe Digital Editions, nayo inaenda kwenye seva ya maktaba kukuchukulia kitabu chenyewe kikiwa na kufuli. Kufuli hilo la Adobe halifunguki kwenye Kindle ya aina yoyote, na Calibre haitakigeuza kitabu kilichofungwa. Visomaji vya Kobo na PocketBook vinakubali. Kwa Kindle hakuna njia halali, na sitakuelekeza kwenye zile nyingine, kwa sababu maktaba zinazotuazima bure zinaishi kwa makubaliano na waandishi na wachapishaji. Kisomee kwenye laptopu ndani ya Adobe Digital Editions kabla muda wa kuazima haujaisha. Unapoisakinisha, iidhinishe kwa akaunti yako ya Adobe. Ukichagua kuiidhinisha bila akaunti, vitabu vyote vitafungwa kwenye laptopu hiyo moja, na siku utakayopata Kobo hutaweza kuvihamisha.

Kwa Kindle yako tafuta vitabu visivyo na kufuli. Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, ina vitabu zaidi ya 70,000, na mara nyingi hutoa faili la Kindle tayari, kwa hiyo hutahitaji hata Calibre. Kwa wanafunzi wako, African Storybook ina hadithi fupi za bure kwa Kiswahili, Kiganda na lugha nyingine nyingi za Afrika, zikiwemo za huko kwenu West Nile. Na ukisoma maelekezo ya zamani yanayosema ununue kitabu Amazon kisha ukipakue kwenye kompyuta na kukihamisha kwa waya, yaache. Amazon iliondoa uwezekano huo tarehe 26 Februari 2025. Vitabu unavyonunua kwao sasa vinashuka kwenye Kindle kwa Wi-Fi.

Ukifika nyumbani, usianze na vyote. Chukua EPUB moja ndogo, ifungue kwenye laptopu, igeuze kuwa AZW3, itume kwa ule waya uliotiwa alama, bonyeza "Eject", uone. Ikikubali, nyingine zote zitafuata njia hiyohiyo. Ikikataa, niandikie tena, unitajie maneno yaliyotokea kwenye skrini ya Kindle ulipochomeka waya, herufi za mwisho za jina la faili, na kama kitabu kilifunguka kwenye laptopu au la.